Kiwanja Kilichopakana na Mto

Kasese, Jumamosi, baada ya alasiri

Sauda, mwanangu,

Pokea salamu zangu kabla hujakunja uso. Haya ninayoyaandika ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu ndio uliovuruga mambo, kwa hiyo leo nimeupa likizo. Wewe uko chumbani unafunga mizigo, nakusikia unavyogombana na zipu ya lile begi la bluu. Tumetengwa na ukuta mmoja tu, nami nakuandikia kama mtu aliyeko Juba. Cheka, hakuna ubaya. Mama yako amenicheka tangu nilipomwomba kalamu.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kutomwazima simu mtu usiyemjua, hayo sitayaandika. Mama yako ameshayasema yote, na atayarudia kesho asubuhi ukiwa umeshika kikombe cha chai. Mimi nina jambo moja, nalo ni refu. Nivumilie kama ulivyokuwa ukinivumilia utotoni ndani ya lori, ukiuliza kila kilima kama ndiyo Kampala.

Wiki mbili zimepita tangu ile Ijumaa. Nilitoka msikitini nikakuta umepika wali na samaki, nikajua kuna neno, maana wewe ukipika hivyo siku isiyo sikukuu huwa unataka kitu. Tulipokula kidogo ukatoa simu, ukatuonyesha picha. Jengo la zamani la Jinja, la enzi za Wahindi, nguzo za mviringo mbele, maduka chini na watu juu, mwaka wa kujengwa umechongwa karibu na paa. Ukatueleza kwamba wenyewe wanaliuza fleti moja moja, kila fleti na hati yake, na wewe umepata ya juu upande wa kushoto, vyumba viwili na roshani. Kazi mpya unaanza Jumatatu, Jumatano unatia sahihi. Miaka mitano umesimama kwenye jua la mpakani Mpondwe ukiwapitishia wafanyabiashara mizigo yao forodhani, na miaka yote hiyo mitano umeiweka pale. Ulieleza hata kula ukasahau. Niliona.

Nami nikasema, "Hewa. Unanunua hewa ya Jinja."

Kana kwamba hiyo haikutosha, nikaongeza kwamba kama ni lazima ununue, basi hati iandikwe jina la kaka yako Idi, kwa sababu wewe ni msichana, utaolewa, na mali ya nyumba hii haiwezi kwenda kukaa kwa watu. Nilisema hivyo huku natoa miiba ya samaki uliyenipikia wewe. Ukanawa mikono, ukainuka, sahani yako imejaa. Tangu siku hiyo unanisalimia kila asubuhi, unaniwekea maji ya kutawadha, unanijibu kwa heshima zote, na huniambii kitu. Heri ungenifokea. Idi mwenyewe nilipompigia simu kumweleza, alisema, "Baba, mimi niache, hiyo ni ya Sauda." Nikamkatia simu. Hivyo ndivyo nilivyo, unanijua.

Mama yako naye siku ile aliondoa sahani, akaziosha. Kesho yake aliniletea chai, na kando ya kikombe akaweka lile kopo la biskuti tunamohifadhi karatasi za nyumba. Akalifungua mwenyewe, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mbele yangu. Akasema, "Kabla hajaondoka, msomee hii. Usipomsomea wewe, nitamsomea mimi." Wewe hasira ya mama yako huijui, kwa sababu haina kelele. Mimi naijua.

Karatasi hiyo nimeitia ndani ya bahasha hii. Usiifungue kwanza. Maliza barua.

Wewe unajua kwamba tulikuwa na kiwanja kule chini, kando ya mto Nyamwamba, na unajua kwamba mto ulikichukua. Ndiyo sababu tunapanga hapa mpaka leo, na mimi na mvi zangu bado nabishana na mwenye nyumba kuhusu choo. Usichokijua ni jinsi tulivyokipata kile kiwanja, na tulichokiacha ili tukipate. Tulikuficha. Mimi nilikuficha, na mama yako akanisitiri.

Unakumbuka ghorofani? Najua unakumbuka, maana ukipita mjini hukosi kuinua macho. Jengo lile lilijengwa treni ilipofika Kasese, lilijengwa na Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua pamba. Chini maduka manne, juu fleti nne, ngazi za mbao kumi na tisa. Nazijua kwa sababu nimezipanda na magunia ya mchele, na wewe ukiwa na homa, na mama yako akiwa na mimba yako. Ulizaliwa tukiwa pale. Sakafu ilikuwa nyekundu, mama yako akiipaka nta kila Jumamosi, nawe ukikalia gunia na kumwamuru Idi akuvute kutoka jikoni mpaka roshani. Mchana mabati yakipata moto tulikuwa tukilia shida. Jioni upepo wa milimani ukishuka, hakuna aliyetaka kuingia ndani.

Bibi yako alitoka Bwera kuja kukuona ulipozaliwa. Siku kitovu chako kilipokatika aliuliza tukizike wapi. Akatazama ile sakafu nyekundu, akatoka roshani, akatazama chini barabarani kwenye maduka na baiskeli. Akarudi, akakifunga kwenye kitambaa, akapanda gari akaenda nacho Bwera, akakizika kwenye shina la mgomba wake. Hakunilaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyejilaumu. Nilijiambia, mwanaume gani huyu asiye na hata shubiri moja ya udongo ya kuzikia kitovu cha mtoto wake? Neno hilo lilinikaa kichwani miaka kumi na moja. Sikuelezi ili kujitetea. Nataka ujue kwamba ujinga wangu haukuanza na ubaya, ulianza siku nilipokupenda.

Ulikuwa darasa la tano alipokuja mjukuu wa yule Mhindi. Kijana mpole, Kiswahili chake cha Nairobi. Alitukusanya wapangaji wote wa juu kwenye roshani, akatuambia anauza, kila fleti peke yake, na aliyemo ndani ndiye ataulizwa kwanza. Akatupa miezi mitatu.

Mama yako aliitaka ile nyumba. Alikuwa akienda Mpondwe kila siku ya soko, akinunua vitenge kwa wanawake wa Kongo na kuja kuviuza hapa kwa walimu na wake za askari, na alikuwa na akiba yake. Lori langu wakati ule lilikuwa linakula kuliko lilivyoleta. Akiba ile ndiyo ingenunua. Jioni moja alinishika mkono, akanipitisha chumba kwa chumba kana kwamba mimi ni mgeni, akinionyesha: hapa Sauda atawekewa meza ya kusomea, hapa tutatoboa dirisha, huku tutaweka tangi letu la maji tusigombane tena na watu. Alikuwa na furaha kama bibi harusi. Nikamwambia nitafikiria.

Kufikiria kwenyewe nilikwenda kufikiria Kikorongo. Kesho basi likipita pale njia panda, utaviona vibanda vya chai ambako malori husimama. Nilikaa pale na madereva wenzangu nikawaeleza. Mmoja alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Akaniuliza, "Sasa Twaha, ukifa tukuzike kwenye ngazi?" Wote wakacheka, mimi nikacheka kuwapita, na katika kicheko kile nikawa nimeshaamua. Sikumuuliza hata mmoja wao analala wapi. Yule aliyecheka zaidi alikuwa analala ndani ya lori la tajiri wake. Na sisi Waislamu, mwanangu, tunazikwa makaburini na wenzetu, hatuzikwi uani. Hata hilo sikulikumbuka.

Nikarudi nikamwambia mama yako kwamba mimi sinunui hewa. Neno lile lile nililokuambia wewe. Nikamwambia mwanaume ananunua udongo, na kuna kiwanja kizuri kinauzwa kando ya mto, udongo mweusi, migomba itastawi yenyewe. Nikachukua akiba yake. Ukimuuliza yeye atakuambia alinipa. Alinipa, ndiyo, kwa mkono wake, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikajifanya sioni. Rafiki yake wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akimuuzia vitenge, Mama Kavira, aliposikia alimwambia mbele yangu pale pale sokoni: "Bwana yako iko na kichwa nguvu. Anataka kulala mu udongo mbele siku yake ifike." Nilimchukia yule mwanamke mwaka mzima.

Siku ya kuandikiana tulikaa kwenye mkeka nje kwa mwenyekiti wa kijiji. Muuzaji, mashahidi wawili, soda. Mwenyekiti akaandika mipaka kama ilivyo desturi, huku tunamwonyesha kwa vidole. Magharibi, njia. Kaskazini, mti wa parachichi wa jirani. Kusini, mtaro. Mashariki, mto. Nilisikia likisomwa hilo neno mto, nikaona ni jambo jema, maana mto haukugombanii mpaka, hauna watoto watakaokuja kudai urithi. Kisha akauliza mnunuzi ni nani. Nikataja jina langu. Mama yako alikuwa amekaa pale pale, ndiye aliyetoka kuzihesabu noti kwa mikono yake, na mwenyekiti, Mungu amrehemu, akauliza kama mama naye aandikwe. Nikamjibu hakuna haja, mimi na mke wangu ni kitu kimoja.

Ni maneno matamu hayo, Sauda. Mtu akikuambia hivyo mbele ya karatasi, mwombe kalamu.

Fleti yetu ilinunuliwa na Mama Akello. Wewe humwita shangazi na hujui kwa nini. Mumewe alikuwa sajenti, mtu wa Lira, nao walikaa kambini miaka na miaka. Sajenti alipofariki, haikupita muda akaambiwa nyumba inahitajiwa na askari mwingine. Alikuja kuitazama fleti tukiwa tunafunga vyombo. Mimi na jeuri yangu nikamuuliza mama mzima anafuata nini huku juu, hana hata pa kupanda maharage. Hakukasirika. Alipita akigonga kuta kwa kiganja, moja baada ya nyingine, akasema, "Nyumba ya jeshi iko na miguu. Afande akienda, nyumba inaenda. Hii nimeangalia, haina miguu."

Nikacheka tena. Nilikuwa mtu wa kucheka sana miaka ile.

Sitakudanganya kwamba kule chini tulikosa raha. Umekulia pale, unajua. Vyumba vinne, migomba kweli ilistawi, na bibi yako alipokuja akazunguka uani akasema sasa hii ni nyumba, nami nikavimba kichwa wiki nzima. Mama yako hakuwahi kunitajia ghorofa, hata siku moja. Ila tukipita mjini alikuwa akitazama upande mwingine wa barabara. Nililiona hilo na nikaliacha.

Mto ulipokuja, wewe ulikuwa chuoni Kampala na Idi alikuwa safarini na lori. Ilikuwa asubuhi. Watu husema maji, lakini tulichosikia kwanza si maji, ni mawe. Mawe makubwa kama lori yanateremka kutoka juu Bulembia yanagongana. Tulikimbilia barabarani bila viatu, tukasimama na majirani tunatazama. Ukuta wa jikoni ukalala. Hapo nikakumbuka karatasi ya kiwanja, nikaanza kurudi. Mama yako akanikamata shati kwa nyuma. Akaniambia, "Kopo ninalo. Unarudia nini?" Alikuwa amelibana kwapani tangu mwanzo, kopo la biskuti, na mimi sikuona kwa sababu sikuwa nimemtazama.

Mpaka adhuhuri hapakuwa na nyumba. Wala kiwanja hakikuwepo, na hilo ndilo ninalotaka ulielewe, maana ulipokuja ulikuta mawe yamekauka na ukadhani ni nyumba tu iliyovunjika. Udongo wenyewe ulikwenda. Ule mweusi. Jirani yangu wa mashariki alihamia kwangu na vitu vyake vyote, na karatasi yangu ikabaki kavu kabisa, ina muhuri, inasoma vizuri.

Siku ya tatu tukiwa bado tumejihifadhi shuleni na wenzetu, walikuja watu wa serikali kuandika waliopoteza mali. Nikapanga foleni na kopo langu. Karani alikuwa kijana, amechoka, ana adabu. Akaisoma karatasi, akaandika jina langu, kiwanja kimoja, nyumba moja. Kisha akamgeukia mama yako aliyekuwa amesimama kando yangu, akamuuliza, "Na wewe mama, umepoteza nini?"

Mama yako alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme. Nilikuwa na nafasi yangu pale, Sauda. Ningeweza kusema, kijana, futa hapo, kile kiwanja ni jasho lake. Watu walikuwa wengi nyuma yetu, nikaona haya. Nikatazama chini. Basi mama yako akamjibu yule karani, taratibu kabisa, "Andika sufuria."

Nimeendesha gari usiku na mchana, nimeviringika na lori kwenye korongo, nimemzika baba yangu. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama neno lile. Mpaka leo nikiona sufuria jikoni nalikumbuka, na katika nyumba huwezi kukwepa kuona sufuria.

Jioni ile akasema twende kwa Mama Akello. Sikutaka. Akatangulia, nikamfuata. Tulipanda zile ngazi kumi na tisa miguu mitupu, tukafika mlangoni. Mlango ni ule ule, hata mikwaruzo ya baiskeli yako ya magurudumu matatu bado iko pale chini. Nimeusukuma mlango ule miaka kumi na tatu bila kuuliza mtu. Siku ile nikasimama mbele yake nikasema hodi. Mama Akello akafungua, akatutazama na tope letu, akasema, "Twaha, kwani umesahau mlango? Ingia."

Tulikaa kwake wiki tatu. Mama yako alilala na wajukuu zake katika chumba kilichokuwa chako. Mimi nililala sebuleni, kwenye sakafu ile nyekundu. Hapo ndipo tulipokuambia kwa simu kwamba tumepata mahali mjini, usikatize masomo. Pale sebuleni ndipo nilipomwomba mama yako msamaha, na alinisamehe, usidhani hakunisamehe. Lakini deni la aina ile halilipwi kwa pole. Nimelibeba mpaka ile Ijumaa yako, na badala ya kulitua, nikataka kukubebesha wewe.

Nikiwa mgeni pale nilijifunza pia mambo ya majengo haya, na kwa kuwa wewe unaingia humo, nikuambie kidogo. Paa lilikuwa linavuja upande wa Mama Akello. Wenye fleti na wenye maduka wakakutana roshani. Mwenye duka la chini kabisa akasema yeye hatoi kitu, mvua haimfikii. Zamani mimi ndiye ningesema hivyo, na kwa sauti. Mama Akello akamjibu, "Sawa. Msingi ikipasuka, na mimi nitasema niko juu?" Yule mtu baadaye akatoa. Mabati tuliyaleta kwa lori letu kutoka Kampala, na hiyo ndiyo kodi pekee aliyokubali kuipokea kutoka kwangu.

Kwa hiyo Jumatano kabla hujatia sahihi, uliza paa ni la nani. Uliza ngazi inafagiliwa na nani, na tangi la maji likitoboka mnakaa wapi kuzungumza. Nenda kawasalimie wa juu na wa chini kabla hujaingiza hata kiti, maana unanunua vyumba viwili, lakini unawapata na watu, na watu hawamo kwenye hati. Usiwe kama mimi, niliyekaa na majirani miaka kumi na tatu na kuwafahamu siku nilipokuwa sina viatu. Nadhani wewe ungeyauliza haya hata bila mimi. Nimeona jinsi unavyowahoji madereva pale mpakani mpaka wanatoa jasho.

Kuhusu jina.

Nilisema liandikwe la Idi. Sasa fungua ile karatasi. Tafuta palipoandikwa mnunuzi. Utaona jina moja. Mwandiko ni wa mwenyekiti, lakini ni mimi niliyeushika mkono wake. Tazama vizuri uone jinsi nafasi ilivyobaki, kubwa tu, jina la mama yako lingeenea pale bila kubanwa. Karatasi hiyo kaa nayo. Siku mtu yeyote, hata akiwa mume umpendaye, hata akiwa mimi nimezeeka na akili imerudi nyuma, atakapokuambia jina si kitu, mtolee hiyo umwonyeshe.

Hati iandikwe Sauda. Jina lako lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukiolewa, mumeo akaribishwe kwako, avue viatu mlangoni. Nasema haya mimi baba yako, kwa mkono wangu, na ndiyo radhi yangu niliyokunyima kwenye sahani ya wali. Nakupa yote, sijabakiza.

Na ule wasiwasi wangu wa udongo umekwisha. Wiki iliyopita nilipopeleka mzigo Bwera nilipita kwa bibi yako, nikasimama kwenye mgomba wako. Umezaa vichipukizi mpaka umekuwa kichaka. Kitovu chako kiko pale tangu siku ile, salama, hakikuwahi kukihitaji kiwanja changu. Mahali pa kuanzia unapo. Sasa tafuta mahali pa kukaa, hata kama ni juu ya maduka.

Kuna jambo jingine, na mama yako bado halijui, usimwambie mpaka asubuhi. Tiketi za basi nimekata mbili. Kiti cha dirishani ni chake, yeye hupenda kutazama. Aende nawe, awe nawe Jumatano, na watakapouliza shahidi ni nani, aandikwe yeye. Nataka jina la mama yako liwe kwenye karatasi ya nyumba walau mara moja maishani mwake. Nimemwomba Mama Akello anipikie siku nne tano, na amenijibu kwamba atanipikia, ila vyombo nitaosha mwenyewe. Basi, nitaosha sufuria.

Mimi siji safari hii. Sijanuna. Nataka uingie kwako bila mimi kukutangulia na kuanza kugonga kuta na kutoa maoni. Mkishatulia, mama yako akirudi, nitakuja. Nitashuka stendi, nitauliza njia kama mgeni yeyote. Nitazipanda ngazi zako nikizihesabu, unijue. Nitafika mbele ya mlango wako nitasimama nje, nitapiga hodi.

Usinifungulie haraka. Niache nisimame pale kidogo, nisikie nyayo zako zinavyokuja.

Baba yako,
Twaha